Harufu ya Samaki

Kwa muda wa miaka 14 nilificha neno moja. Nililitamka kwa mara ya kwanza mbele ya mwanamke niliyemfahamu tangu jana yake tu, kwa lugha nisiyoimudu vizuri, katika mji wa bandari ulio mbali sana na Ziwa Tanganyika. Neno lenyewe ni fupi: mama yangu anauza samaki. Niruhusuni niwaeleze jinsi soko moja la samaki huko Japani lilivyonifungua kinywa.

Wakati huo nilikuwa nikisoma mjini Sendai, kaskazini-mashariki mwa Japani. Katika darasa letu alikuwamo binti mmoja mzaliwa wa Kesennuma, bandari ya wavuvi iliyo katika mkoa huo huo wa Miyagi, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa basi. Aliposikia kwamba nimekulia Uvira, kando ya ziwa, alisema: «Basi ni lazima ulione soko letu. Lakini ujue, halimngoji mtu aliyelala.» Mwanzoni mwa Julai tukaenda. Tulifika jioni nyumbani kwa wazazi wake. Mama yake akatupokea kwa heshima, akatuandalia wali na samaki, kisha akatuaga akaenda kulala mapema kuliko watoto wadogo. Sikuuliza anafanya kazi gani, wala sikuambiwa.

Saa kumi alfajiri mwenzangu aligonga mlango. Mama alikuwa amekwisha kuondoka. Tulishuka kwa miguu kuelekea bandarini. Katika majira hayo jua la kaskazini mwa Japani huwahi kuchomoza, na tayari mbingu ilikuwa nyeupe juu ya ghuba. Ghuba ya Kesennuma ni nyembamba na ndefu, imezungukwa na vilima vyenye miti hadi karibu na maji. Hewa ilikuwa na harufu ya chumvi, mafuta ya mitambo, na ile harufu nyingine ambayo pua yangu iliitambua kabla ya akili yangu: samaki wabichi, wengi kupita kiasi, mahali pamoja.

Soko hilo ni jengo refu lililojengwa kufuata gati, ili meli ifunge kamba na kupakua samaki moja kwa moja ndani. Wageni hawaruhusiwi kuzurura chini, kwa maana hapo ni mahali pa kazi. Hupanda ghorofani na kutazama kutoka juu, kila mmoja akiwa huru kuona bila kumzuia mtu njiani. Tulisimama hapo, mikono juu ya kizuizi, nasi tukatazama.

Chini yetu meli nyeupe zilikuwa zimejipanga. Zilileta samaki aitwaye katsuo, wa jamii ya jodari: mnene katikati, mwembamba mwisho, mgongo wa buluu iliyokolea na tumbo la fedha lenye mistari. Samaki huyu hana makao. Wakati wa masika na kiangazi huufuata mkondo wa maji ya moto uitwao Kuroshio kutoka kusini kwenda kaskazini. Mbele ya pwani ile mkondo huo hukutana na mwingine wa maji ya baridi uitwao Oyashio, na hapo chakula cha samaki huwa kingi mno. Majira ya vuli yakikaribia, katsuo hugeuka na kurudi kusini akiwa amenenepa.

Meli zinazomvua humfuata vivyo hivyo. Mwenzangu alinionyesha majina yaliyoandikwa ubavuni mwa meli, akanisomea: hii ya Kochi, ile ya Miyazaki, nyingine ya Mie. Yote hayo ni majimbo ya kusini, mamia ya kilometa kutoka pale. Mabaharia wake hupitisha miezi mingi bila kulala kwao. Uvuvi wao wenyewe ni wa kustaajabisha. Meli ikilipata kundi la samaki, maji hunyunyizwa juu ya bahari, na samaki wadogo walio hai, wanaofanana na ndagala wetu, hutupwa humo ili kuwachangamsha wakubwa. Kisha wavuvi hupanga mstari kandokando ya meli, kila mtu na fimbo yake, na kuwatoa katsuo mmoja mmoja. Ndoana haina kishikizo nchani, hivyo samaki akisharushwa angani huchomoka mwenyewe na kuanguka nyuma ya mvuvi, na ndoana hurudi majini papo hapo.

Kuanzia mwaka 1997, kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo, hakukuwa na bandari nyingine ya Japani iliyopokea katsuo wabichi wengi kama Kesennuma. Lakini meli nyingi zinazowaleta si za Kesennuma. Mji huo huishi kwa wageni wanaokubali kuingia ghubani mwake. Likumbukeni jambo hilo, maana nitalirudia.

Samaki walipanda kutoka tumboni mwa meli, wakamwagika juu ya mkanda unaotembea, na watu waliovaa buti za mpira na aproni ndefu wakawatenga, wakubwa kando na wadogo kando. Kila fungu liliingia ndani ya pipa pana lenye maji na barafu. Magari madogo ya kuinulia mizigo yalipita huku na huku bila kugongana, kana kwamba yana njia zilizochorwa sakafuni. Upande wa pili walilazwa samaki wakubwa wenye mdomo kama upanga, nao papa wamelundikwa pamoja. Samaki hao wa aina mbili pia huletwa Kesennuma kuliko bandari nyingine yoyote ya Japani.

Nami nilikuwa nikingoja kelele. Nimekulia Kalundu na Mulongwe. Najua sauti ya mama ishirini wanaoigombania bei ya beseni moja. Pale palikuwa na kishindo cha mitambo na maji, lakini kelele za bei hazikuwapo. Wanunuzi walipita polepole kati ya mapipa, wakiwa na kofia zenye namba. Waliinama, wakatazama jicho la samaki, wakabonyeza tumbo kwa kidole. Kisha kila mmoja aliandika bei yake bila kumwonyesha jirani, akaikabidhi. Aliyeandika bei ya juu ndiye aliyechukua. Ikiwa umeandika ndogo, umekosa. Ikiwa umeandika kubwa mno, utailipa, wala hakuna wa kumlaumu. Kumbe hata ukimya unaweza kuwa mnada.

Hapo ndipo mwenzangu alipoinua mikono yake yote miwili juu ya kichwa, akaipunga kwa nguvu kama mtoto. Nilitazama anakotazama. Kando ya mkanda, katikati ya watu wenye aproni, mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa kichwani aliinua mkono mmoja wenye glavu, mara moja tu, akaendelea kutenga samaki. Karibu nasi alisimama mzee mmoja, mtalii kutoka mji mwingine. Mwenzangu alimgeukia mtu huyo asiyemjua, akamwambia bila kuulizwa: «Yule ni mama yangu.»

Vijana wapendwa, neno hilo lilinichoma.

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, mama yangu alikuwa akiamka saa tisa usiku. Katika zile siku ambazo mwezi hauonekani, wavuvi wa ziwa letu huingia majini na taa ili mwanga uwavute ndagala, na alfajiri akina mama huwangoja ufukweni na mabeseni. Mama alinunua, akaanika mchangani, akageuza, akakusanya, akaenda kuuza. Karo yangu ilitoka humo, na sare yangu, na daftari zangu. Harufu ilimfuata kila alikokwenda, na sabuni haikuiondoa.

Tarehe 2 Julai ya mwaka ule, kama ilivyo desturi ya shule zetu, matokeo yalitangazwa mbele ya wazazi. Nilikuwa wa pili darasani. Wazazi wengine walikuja wamevaa vizuri. Mama alifika amechelewa, moja kwa moja kutoka ufukweni, beseni kichwani, magamba ya samaki yaking'aa kwenye kitenge chake. Rafiki yangu, ambaye baba yake alikuwa mtu wa ofisi, aliziba pua akaniuliza: «Huyo ni nani?» Nikajibu: «Ni mama mmoja anayetuletea samaki nyumbani.»

Mama alikuwa hatua chache kutoka hapo. Sikujua kama alisikia. Alinisubiri mlangoni mwa shule, akanipa mkate aliouficha ndani ya khanga, tukarudi nyumbani. Hakusema neno, nami sikusema. Tangu siku hiyo, kila nilipoulizwa juu ya wazazi wangu, nilijibu kwamba mama ni mfanyabiashara. Hata huko Japani niliwaambia hivyo. Si uongo, mtasema. Lakini mimi nilijua kwa nini nililichagua neno hilo.

Saa mbili asubuhi kazi ya mama wa mwenzangu ilimalizika, naye akatoka kwa mlango wa pembeni akiwa bado na buti zake. Mwanawe alimpokea mfuko, wakatembea bega kwa bega mbele yangu hadi kwenye mgahawa mdogo ulio karibu na soko. Ubavuni mwa mgahawa huo pana bafu la mabaharia. Bafu la kale, walilolitumia wavuvi kwa vizazi vingi, lilikuwa limefungwa. Ndipo wakaaji wa mji wakajenga hili mwaka 2019, ili mtu atokaye baharini apate maji ya moto na chakula cha asubuhi kabla ya kurudi melini. Ndani tuliwakuta mabaharia wenye nywele mbichi wakila kimya. Mwenzangu alinieleza kwamba katika meli za mji ule wapo pia vijana wengi kutoka Indonesia, ambao umri wao si mkubwa kuliko wa wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Meli za bahari ya mbali zinapoondoka kwa safari ya miezi mingi, watu wa mji hukusanyika gatini na kuzipungia bendera hadi zipotee machoni.

Mama yule aliketi mbali kidogo na mimi. Akainamisha kichwa, akasema: «Samahani, mgeni wetu. Ninanuka samaki.»

Sikupanga nitakalojibu. Kijapani changu kilikuwa kibovu, kwa hiyo sikuweza kulipamba neno. Nilisema: «Mama, usiombe samahani. Mama yangu ananuka hivyo hivyo. Anauza samaki.»

Mwenzangu alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa alikuwa amelisikia lile jibu langu la zamani. Mama yake alicheka, akasogeza kiti karibu, akaanza kuniuliza: samaki gani? Wanavuliwa kwa nini? Mama yako anaamka saa ngapi? Nilipomwambia ni saa tisa usiku, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na ndugu wa ukoo wake, akasema: «Na mimi ni hivyo.»

Kisha akanisimulia juu ya harufu ile. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko kubwa lilitikisa pwani yote, na baada yake bahari ikapanda nchi kavu. Matangi ya mafuta ya bandari yaling'olewa, mafuta yakaenea juu ya maji, na ghuba ikawaka moto usiku kucha. Zaidi ya watu 1,000 wa Kesennuma walikufa au hawakuonekana tena. Meli moja ya uvuvi ya tani 330 ilibebwa na maji hadi ndani ya mji, kama meta 750 kutoka baharini, na ikakaa hapo hadi ilipobomolewa mwaka 2013. Viwanda vya barafu na maghala ya baridi viliharibika. Samaki waliokuwamo wakaoza, na mji mzima ukanuka uozo na mafuta na matope kwa majuma mengi. Tena ardhi yenyewe ya bandari ilizama, kiasi kwamba maji yakijaa yalipanda juu ya gati.

Lakini katsuo hawakujua habari hizo. Walikuwa tayari njiani kutoka kusini, na meli nyuma yao. Watu wa mji walijua kwamba soko lisipofunguliwa, meli zitapeleka samaki bandari nyingine, na meli iliyozoea gati jingine hairudi kwa urahisi. Basi hatari ikawa kubwa kuliko soko: mwenye barafu angekosa kazi, na mtengeneza masanduku, na dereva wa lori, na mwuza mafuta, na mpishi wa mgahawa, na wanawake wa kutenga samaki. Wakainua sehemu ya gati, wakasafisha sakafu, wakatafuta barafu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, siku mia na kidogo tu baada ya maafa, soko likafunguliwa, na meli za kusini zikaingia. Hata mwaka ule Kesennuma haikupoteza nafasi yake ya kwanza kwa katsuo wabichi. Jengo jipya tulilolitembelea lilikamilika mwaka 2019.

«Siku meli ya kwanza ya katsuo ilipofika,» akasema mama yule, «nilivaa buti za kuazima. Mkanda wa kutengea haukuwapo. Tulitenga kwa mikono. Nikasikia harufu ya samaki wabichi. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikinusa uozo tu. Nililia hadi sikuona ninachokishika. Harufu hii ninayokuomba msamaha kwayo, mwaka ule niliitamani kuliko chakula.»

Nilikula samaki wangu polepole. Niliwaza jinsi mji ule ulivyopoteza karibu kila kitu, na ulipoinuka haukukimbilia kuficha kazi yake ya buti na damu ya samaki. Kazi hiyo ndiyo waliyoitengeneza kwanza. Wao walijua kwamba mkate wao watokea wapi. Nami niliyesomeshwa na ndagala, niliyepata mkopo wa nauli kwa jina la mama yangu muuza ndagala, nilikuwa nimeikana harufu iliyonilea.

Ilinibidi ningoje hadi saa saba mchana ili huko kwetu iwe saa kumi na mbili asubuhi. Nilimpigia simu. Nyuma ya sauti yake nilizisikia sauti za akina mama wa ufukweni, na bei zikipanda na kushuka.

«Mama,» nikasema, «unaikumbuka ile siku ya matokeo, nilipokuwa wa pili?»

«Ninaikumbuka, baba.» Yeye huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.

«Kuna neno nililomwambia rafiki yangu siku ile.»

«Nililisikia.»

Nilikosa pumzi. Miaka 14 alikuwa amelijua, na kila alfajiri alikuwa ameendelea kubeba beseni lile lile kwa ajili ya karo yangu. Nikaomba msamaha, kwa maneno ambayo nitayaacha yabaki kati yetu wawili.

«Ulikuwa mtoto,» akanijibu. «Nami ningalipita nyumbani kuoga kwanza, lakini ndagala walikuwa wabichi na mvua ilitutishia. Sasa niambie: huko uliko, beseni moja la samaki ni bei gani?»

Nikamweleza kwamba hawapimi kwa beseni, na kwamba kila mnunuzi huandika bei yake kwa siri pasipo kupiga kelele. Akacheka hadi wenzake wakamuuliza ana nini. «Bei ya kimya kimya?» akasema. «Basi nyongeza utamwomba nani?» Kisha akaniaga upesi, kwa maana mtumbwi ulikuwa umefika.

Vijana wenzangu, wengi wetu tunasomeshwa na beseni, na jembe, na baiskeli iliyobeba makaa, na cherehani iliyo chini ya mwembe. Elimu hiyo hiyo hutufundisha, tusipoangalia, kuona haya mbele ya mikono iliyoilipia. Hatutukani wazazi wetu. Tunabadilisha neno tu. Tunasema mfanyabiashara, tunasema mtu wa shughuli zake, tunatembea hatua tano mbele yao njiani. Nao husikia.

Sina agizo kubwa la kuwapa. Nimejifunza tu kutoka kwa binti mmoja aliyepunga mikono miwili ghorofani mwa soko. Jumapili ijayo, mzazi wako au mlezi wako atakapopita mbele ya rafiki zako na alama za kazi yake mwilini, usingoje kuulizwa. Mtaje wewe kwanza, ukiwa karibu naye, kwa sauti ya kutosha ili asikie.